Kijicho kwa mwenzangu wa benchi moja

MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo hili nimechagua barua mbili tu, kwa sababu zilinifikia katika wiki moja na, ingawa waandishi wake hawajuani, zote mbili zinauliza maana ya Mkristo kuridhika na fungu lake. Majina nimeyaacha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nafanya kibarua katika yadi ya makontena upande wa Changamwe, hapa Mombasa. Kanisani tunahubiriwa mara kwa mara kwamba mtu wa Mungu huridhika na alicho nacho. Rafiki zangu wananicheka, wanasema kwamba anayeridhika hasogei. Msimamizi wetu naye, tulipomwuliza habari za siku tatu ambazo hatukulipwa, alituambia tumshukuru Mungu kwa tulichopata, kwa kuwa nje ya lango wako wengi wanaoitafuta nafasi hiyo. Je, kuridhika ni kunyamaza?*
*Kibarua, Changamwe*

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako hakukuhubiria. Alijificha nyuma ya mahubiri. Kuridhika ni jambo ambalo mimi huuambia moyo wangu mwenyewe kuhusu fungu nililopewa na Mungu, wala hakuna mwanadamu aliyepewa ruhusa ya kuniamuru niridhike na fungu alilonipunja yeye. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema waziwazi kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kwamba kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo ziandikeni tarehe za siku hizo tatu, mtie sahihi nyote, mumpelekee kwa adabu, na asipowasikiliza nendeni kwa afisa wa kazi. Hakuna dhambi hapo.

Ama kuhusu rafiki zako wanaosema kwamba anayeridhika hasogei, waambie wamtazame Paulo, ambaye maneno yake juu ya kuridhika ndiyo yanayonukuliwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Huyo alikuwa fundi wa mahema. Kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akifanya kazi kwa mikono yake, na Wathesalonike aliwakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Ukitaka kujifunza kuendesha foklifti ili upate mshahara bora, jifunze, tena kwa bidii. Lililo baya ni kumchukia yule anayeiendesha leo, na hilo ndilo linalonipeleka kwenye barua ya pili, ambayo ni nzito zaidi.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na choo kimoja, na kazi yangu ni kuuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Nilianza kazi hii miaka tisa iliyopita pamoja na rafiki yangu. Tulikuwa na karai moja na benchi moja chini ya mkungu, na faida tuligawana kila Jumamosi. Tuliokoka katika mkutano mmoja wa injili, na mpaka leo tunaimba sauti moja katika kwaya. Baadaye yeye akaenda kujifunza cherehani, akapata kazi ya kushona mashuka na sare za hoteli za upande wa Bamburi, na mwaka huu amemaliza kujenga nyumba yake Mtwapa. Mimi bado niko kwenye benchi.*

*Anaposimama kutoa ushuhuda kanisani mimi hutoka nje, nikijifanya nampeleka mtoto msalani. Statasi zake za WhatsApp nazifungua usiku, mara mbili tatu, hali najua zitanikosesha usingizi. Nina mteja Nyali ambaye mimi humpelekea mahamri kila Ijumaa katika jumba lenye bwawa la kuogelea, na huko sijapata kuumia hata siku moja. Lakini nyumba ya mwenzangu, ambayo haina hata rangi nje, inanichoma. Mwezi uliopita niliambiwa kwamba hoteli moja imesimamisha oda yake, na Mwalimu, nilihisi baridi moyoni kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimefunga siku tatu, nimeomba, na mhubiri mmoja mgeni aliponiambia nipande mbegu ili zamu yangu ifike, nilitoa shilingi 5,000 nilizopokea kwenye chama. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa kodi ilichelewa. Je, Mungu anampenda yeye kuliko mimi? Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao kuna maombi ya kufungua nyumba yake. Niende na moyo huu, au nitafute udhuru?*
*Mama wa Watatu, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimezidi kukuheshimu. Tembea Mtaa wa Biashara siku yoyote uzisome leso zinazoning'inia madukani: hasidi hana sababu, riziki haivutwi kwa kamba, na nyingine za namna hiyo ambazo akina mama hununuliana kwa kupigana vijembe. Zote zimeandikwa na anayeonewa kijicho. Leso inayosema kwamba hasidi ni mimi niliyejifunga leso hii sijaiona bado. Hata katika ukurasa huu, kwa kila barua kumi ninazopata juu ya husuda, tisa na nusu zinalalamikia jirani. Wewe umeandika juu ya moyo wako mwenyewe, na aliyekwisha kufika hapo amevuka mkondo ulio mgumu kuliko yote.

Tena umeliona jambo ambalo watu wengi hawalioni, nalo ni lile la Nyali. Kama ungekuwa umeugua kwa kukosa nyumba, ungeugua kila Ijumaa mbele ya bwawa lile la kuogelea. Huugui. Mwenye jumba yuko mbali nawe, hamkuanza pamoja, na kwa hiyo mafanikio yake hayakuambii lolote juu yako. Mwenzako wa benchi ndiye anayekuuma, kwa sababu umemfanya kipimo: kila tofali aliloliweka Mtwapa umelisoma kama hukumu iliyoandikwa juu yako Mikindani. Kwa hiyo hata ukipewa nyumba kesho, ndugu yangu, ukabaki na kipimo hicho hicho, utaanza kuzihesabu nguzo za baraza yake.

Yule kijana wa Changamwe ni kibarua, na Bwana Yesu naye alitoa mfano wa vibarua unaokuhusu wewe pia. Uko katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri akapatana na watu dinari moja kwa siku, ambayo ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja, jua likiwa linaelekea kuzama, akawakuta wengine wamesimama bila kazi kama wale wanaosimama leo malangoni mwa viwanda vyetu, akawaita nao. Jioni alianza kuwalipa wa mwisho, akawapa dinari nzima. Wa kwanza walipopokea dinari ile ile walinung'unika. Sasa angalia mpangilio ulivyokuwa. Kama angeanza kuwalipa waliokuja alfajiri, wangechukua dinari yao, wangeshukuru, wangekwenda zao wakanunua mkate wakala na watoto wao, na habari ingeishia hapo. Dinari ilikuwa nzuri mpaka walipoiona mkononi mwa mwingine. Haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni jicho. Naye mwenye shamba anawauliza swali ambalo kwa Kiswahili chetu limekaa kana kwamba lilitungwa huku pwani: “Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?” Lugha zetu zimekutana hapo, maana nasi ugonjwa huu tunauita kijicho.

Nisikuhubirie kama mtu asiyeujua. Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule moja pamoja na mwenzangu tuliyemaliza naye chuo siku moja. Kila alfajiri tulivuka Likoni kwa feri tukiwa tumesimama bega kwa bega, tukigawana gazeti moja, yeye kurasa za mbele na mimi za michezo. Akateuliwa kuwa mwalimu mkuu, mimi nikabaki na chaki yangu. Baada ya miaka minne akajenga, akanialika kwenye maombi ya nyumba, nami nikaenda na seti ya vikombe sita nilivyovifunga kwa karatasi za gazeti. Mchungaji alipoanza kuomba watu wote walifumba macho, na mimi nilikuwa nimeyafumbua. Nilikuwa natafuta. Chini ya dirisha la jikoni nikauona ufa, mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye pembe ya fremu unashuka kwa mshazari mpaka usawa wa goti, na mahali fulani katikati fundi alikuwa ameupaka rangi mara mbili ili usionekane. Niliufuata kwa macho juu mpaka chini huku mchungaji akiibariki misingi ya nyumba ile. Nilirudi kwetu usiku nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miezi. Hayo maji ya mtungi uliyoyaandika, mwanangu, nimeyanywa.

Baridi yake haidumu. Siku ya tatu mifupa yangu ilikuwa inauma kuliko awali, na nikaelewa kwa nini kitabu cha Mithali kinasema kwamba “husuda ni ubovu wa mifupa”. Hakikusema ni kidonda cha ngozi ambacho mtu angekiona akakiosha.

Sasa swali lako: je, Mungu anampenda yeye zaidi? Sikulaumu kwa kuuliza, kwa sababu makanisa yetu mengi yamekufundisha kuuliza hivyo. Tumezoea kwamba anayeitwa mbele kutoa ushuhuda ni aliyepata gari, ploti au viza, na aliyekesha na mtoto mgonjwa bila kumkufuru Mungu hapewi kipaza sauti. Kwa kipimo hicho Paulo mwenyewe asingeitwa mbele. Maneno yake, “nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo,” yamo katika waraka kwa Wafilipi, sura ya 4, na waraka huo aliuandika akiwa kifungoni. Kwa kipimo hicho hata Johannes Rebmann asingeitwa, yule mmishenari aliyefika Mombasa mwaka 1846 akaishi Rabai, mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo wewe Mikindani. Mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, akaandika alichokiona, na mabingwa wa jiografia kule London wakambishia. Mwenzake Krapf aliondoka mwaka 1853; yeye akabaki hapo hapo na waumini wachache hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa ameshapoteza uwezo wa kuona. Angesimama leo mbele ya madhabahu zetu, sijui angetaja nini.

Katika maneno yale ya Paulo kuna mawili ambayo hunifariji kila ninapoyasoma. La kwanza ni “nimejifunza.” Hakuzaliwa nalo, wala halikumwangukia siku aliyookoka, ni somo, na somo lina siku za kufeli. Wewe umefunga siku tatu ukataka kuhitimu. La pili ni kwamba waraka huo, ukiusoma mpaka mwisho, ni barua ya shukrani: Wafilipi walikuwa wamempelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye anawashukuru. Mtu huyu anayesema yuko radhi katika kushiba na katika kuona njaa anapokea msaada bila kuona haya na anafurahi nao. Wanafalsafa wa Kiyunani wa zama zake walilitumia neno hilo hilo la kuridhika kwa maana ya mtu anayejitosheleza asimhitaji yeyote. Paulo amelichukua akaligeuza, kwa kuwa anaendelea kusema kwamba anayaweza mambo yote “katika yeye” amtiaye nguvu. Tegemeo lake liko kwa mtu, na mtu huyo hakuwa amemwacha gerezani. Wengi wetu huukata mstari huo tukaubandika kwenye vioo vya matatu kana kwamba unahusu kupata vitu, ilhali aliyeuandika alikuwa anaeleza jinsi anavyolala njaa bila kuchanganyikiwa.

Kuhusu zile shilingi 5,000 nitasema kidogo, maana yaliyopita yamepita. Aliyekuambia upande mbegu ili zamu yako ifike alikiuzia kijicho chako dawa ya kijicho. Mungu hana foleni ya aina hiyo, na mwenzako hakukaa kwenye nafasi yako. Mwezi huu, chama kikikupa fungu lako, lipa kodi kwanza.

Kuna mzee mwingine ningependa ukae naye, naye ni Asafu wa Zaburi ya 73. Anakiri kwamba miguu yake ilikuwa karibu na kupotoka kwa sababu aliwaonea wivu waliofanikiwa, na halalamiki kwa jirani, anamwambia Mungu mwenyewe, neno kwa neno, bila kupamba. Waliomkera yeye walikuwa watu waovu, na katika hilo nyinyi hamfanani, kwa sababu mwenzako amekula jasho lake. Wazee wetu, ambao waliviona vyombo vikiundwa pwani kabla ya kuviona baharini, walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wewe ulimwona akiunda. Unajua usiku aliokesha kwenye cherehani, na kama ungetaka kutoa ushuhuda wake ungeutoa vizuri kuliko yeye. Lakini namna ya Asafu ya kusema ndiyo hiyo uichukue: usimwombe Mungu juu juu akupe furaha, mwambie kwamba ulifurahi oda ilipositishwa. Yeye hatashtuka. Kisha umwombee mwenzako kwa jina lake, na uombee oda hiyo irudi. Siku za kwanza maneno yatakuwa makavu kama hamri la juzi, nawe usijali; omba hivyo hivyo.

Petro naye aliwahi kugeuka nyuma akamtazama mwanafunzi mwenzake, akamwuliza Bwana, “na huyu je?” Akajibiwa, “imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi.” Jibu hilo lina ukali kidogo, nami zamani lilinikwaza. Siku hizi nalisikia kama sauti ya mzazi anayemwambia mtoto wake atazame sahani yake kabla chakula hakijapoa. Sahani yako ina nini? Nakuuliza kwa dhati, kwa sababu katika barua nzima umenieleza nyumba ya mwenzako, kazi yake, statasi zake, na kuhusu watoto wako watatu hukuniambia hata majina yao wala wanasoma darasa la ngapi. Miaka tisa watu wa mtaa wako wanakula kutoka karai lako kabla ya kwenda kazini. Yupo bila shaka mtu ambaye hajaanza siku bila kupita kwako. Hizo statasi za usiku zizime. Mwenyewe umesema unazifungua ukijua zitakufanya nini, na hapo hakuna haja ya maombi marefu, ni kidole tu.

Wala sikukatazi kuondoka kwenye benchi. Ukitaka kupika kwa oda za hoteli, au kujifunza kazi nyingine, fanya hivyo, na pengine mtu bora wa kukuelekeza ni huyo huyo unayemkwepa. Kama nimemwelewa Paulo aliyepokea zawadi ya Wafilipi, kumwomba rafiki akuonyeshe njia hakupingani na kuridhika hata kidogo. Jiulize tu unataka kwenda huko kwa sababu kazi ile inakufaa, au kwa sababu unataka kumfikia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wako, ingawa umechakaa, umewalisha watoto watatu.

Sasa hiyo Jumamosi. Nenda. Ukisubiri moyo utakate kwanza, nyumba itazeeka hujaiona. Nenda asubuhi, kabla ya wageni, usikae sebuleni; pita moja kwa moja jikoni, maana siku kama hiyo jikoni hapakosi kazi, na hapana mikono inayojua karai lake kama yako. Beba unga wako na iliki yako. Akikuuliza kwa nini umekuwa ukitoka nje wakati wa ushuhuda, na huenda atauliza, kwa sababu rafiki wa miaka tisa haoni kwa jicho moja, mwambie kweli kwa kiasi utakachoweza. Na mchungaji atakapoanza kuomba, fumba macho.